Wasomaji wanauliza: Namba zinazoanza upya kila mwaka

Barua za toleo hili zinahusu namba za faktura, fishi za wagonjwa na risiti, zile zinazorudi kwenye 0001 mwaka mpya ukiingia. Tumetanguliza ile ya Birere, Goma, kwa sababu majibu ya nyingine yanaiegemea.

Kashia wawili, namba moja

*Jambo wahariri. Tuko na depo ya vifaa vya ujenzi hapa Birere. Programu yetu ya faktura inatumia hifadhidata ya PostgreSQL, na namba ni mwaka pamoja na hesabu, kama 2025/0147. Kijana aliyeitengeneza aliweka MAX(namba) + 1. Miaka miwili hatukuona shida. Tangu tuweke kashia wa pili, mara tatu sasa tumetoa faktura mbili zenye namba ileile. Mutusaidie. — Msomaji wa Birere, Goma*

Kashia wa kwanza anabonyeza "hifadhi", na programu inaliuliza jedwali: namba kubwa ya mwaka huu ni ipi? Inajibiwa 146. Kabla haijaandika 147, kashia wa pili naye ameuliza na kujibiwa 146. Wote wawili wanaandika 147, na hifadhidata inakubali kwa kuwa hakuna aliyeiambia ikatae. Kashia alipokuwa mmoja, hapakuwa na mtu wa kupenya kati ya kuuliza na kuandika. Ndiyo maana miaka miwili ilipita salama.

MAX ina ila nyingine. Ukifuta faktura ya mwisho, namba yake anapewa mteja mwingine, na yule wa kwanza bado ana karatasi mkononi. Wanaotumia COUNT, yaani kuhesabu faktura zilizopo na kuongeza moja, wako pabaya zaidi: faktura yoyote ya katikati ikifutwa, hesabu inapungua, na namba inayofuata tayari ina mwenyewe.

Acheni kuitafuta namba ndani ya faktura zilizopo. Wekeni jedwali dogo la vihesabu, mstari mmoja kwa kila mfululizo na kila mwaka:

```
CREATE TABLE kihesabu (
  mfululizo text,
  mwaka integer,
  mwisho integer NOT NULL,
  PRIMARY KEY (mfululizo, mwaka)
);
```

Namba inatolewa kwa amri moja:

```
INSERT INTO kihesabu (mfululizo, mwaka, mwisho)
VALUES ('FAKTURA', 2025, 1)
ON CONFLICT (mfululizo, mwaka)
DO UPDATE SET mwisho = kihesabu.mwisho + 1
RETURNING mwisho;
```

Mahali pa 2025 programu iweke mwaka wa tarehe ya faktura. Kama mstari wa mwaka huo haupo, unaundwa ukiwa na 1. Kama upo, unaongezwa moja. Hakuna wa kukesha Desemba 31 ili arudishe kitu kwenye sifuri. Amri hii inahitaji PostgreSQL 9.5 au mpya zaidi. Kinachowaokoa ni kwamba hifadhidata inaufunga mstari ule mpaka muamala (kundi la amri zinazokubaliwa au kufutwa pamoja) uishe: kashia wa pili anasubiri kidogo, kisha anapata 148.

Kuchukua namba na kuandika faktura viwe ndani ya muamala mmoja: BEGIN ya kuuanza, namba, faktura, mistari ya bidhaa, COMMIT ya kuuthibitisha. Mkivitenganisha, umeme ukikatika katikati namba imekwisha kutoka na faktura haipo. Kosa la kinyume chake ni kuchapisha karatasi kabla ya COMMIT. Printa ikikwama, kufuli linabaki limeshikwa na makashia wote wanaganda, na lawama itaangukia mtandao. Hakikini bidhaa na bei kwanza, chukueni namba mwishoni kabisa, fanyeni COMMIT, ndipo mchapishe.

Walio na hifadhidata ya MySQL au MariaDB watumie ON DUPLICATE KEY UPDATE mwisho = mwisho + 1, halafu wasome mwisho kwa SELECT ndani ya muamala uleule, kwenye jedwali la InnoDB, aina inayotunza miamala. Wakisahau START TRANSACTION, kufuli linaachiwa mara amri ya kwanza inapokwisha, na mwenzao anaweza kuongeza kabla hawajasoma. Wanakuwa wamerudi kwenye tatizo la Birere kwa njia ndefu zaidi.

Kabla ya kuwasha mpango mpya, safisheni wa zamani. Namba zilizojirudia zitafuteni hivi:

```
SELECT mwaka, namba, COUNT(*)
FROM faktura
GROUP BY mwaka, namba
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Msizibadilishe namba ambazo wateja wanazo tayari kwenye karatasi. Ongezeni safuwima iitwayo nyongeza, na humo faktura ya pili iandikwe "bis", kama wahasibu wetu walivyozoea. Safuwima hiyo iwe NOT NULL DEFAULT ''. Mkiiacha NULL, sharti la upekee halitafanya kazi, kwa sababu kwa PostgreSQL NULL mbili kwa kawaida hazihesabiwi kuwa sawa, na faktura mbili zenye namba moja zitapita tena. Kisha:

```
ALTER TABLE faktura
ADD UNIQUE (mwaka, namba, nyongeza);

INSERT INTO kihesabu
SELECT 'FAKTURA', mwaka, MAX(namba)
FROM faktura GROUP BY mwaka;
```

Hapa MAX haina ubaya, kwani inaulizwa mara moja tu, makashia wakiwa wamefunga. Sharti la upekee libaki hata kihesabu kikienda vizuri. Siku mtu atakapoandika programu nyingine inayokipita kihesabu pembeni, hifadhidata itamkatalia.

Namba iliyopotea

*Mhasibu wetu anataka kujua kwa nini kutoka 0311 tunaruka hadi 0313. Tunatumia SEQUENCE, na kila Januari 1 mtu anaandika ALTER SEQUENCE na RESTART. Faktura 0312 haionekani popote. Kuna mtu anaiba? — Msomaji wa Kampemba, Lubumbashi*

Pengo peke yake halithibitishi wizi. SEQUENCE, kihesabu cha ndani cha hifadhidata, ikishatoa namba haiirudishi, hata muamala ukiacha njiani. Mtu alianza faktura, kukatokea kosa, ROLLBACK ikafuta maandishi, na 312 ikaenda nayo. AUTO_INCREMENT ya InnoDB, namba inayojiongeza yenyewe kwenye MySQL, hufanya vivyo hivyo. Imekusudiwa iwe hivyo ili pasiwe na mtu wa kumsubiri mwenzake, na kwa kitambulisho cha ndani ambacho mteja hakioni hakuna hasara. Iacheni ifanye kazi hiyo: kila faktura iwe na id kutoka SEQUENCE, na majedwali mengine yaiunge kwa id hiyo. Namba ya mwaka itoke kwenye kihesabu cha jibu la kwanza. Huko muamala ukiacha, ongezeko nalo linafutwa, na 312 anapewa anayefuata.

Na hiyo RESTART ya Januari 1 muachane nayo hata bila suala la mapengo. SEQUENCE haijui mwaka. Mwenye jukumu akiwa kwenye sikukuu, faktura za kwanza za Januari zinaendeleza hesabu ya Desemba. Akikumbuka, basi Januari 3 mnapoandika faktura ya mzigo uliotoka Desemba 30, hesabu ya mwaka wa zamani haipo tena. Kihesabu chenye mwaka ndani ya ufunguo kinaweka miaka yote miwili wazi. Mhasibu akishafunga mwaka, ongezeni safuwima ya "umefungwa" na programu ikatae. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, tangu 2012, na mwaka wa uhasibu wa SYSCOHADA, mfumo wake wa uhasibu, hufuata kalenda, kwa hiyo kwa faktura mwaka wa tarehe unatosha. Jilindeni pia kwa sharti hili, ili mtu asihamishe tarehe ya faktura kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine na kuacha namba nyuma:

```
CHECK (mwaka = EXTRACT(YEAR FROM tarehe))
```

Kwenye MySQL sharti la CHECK linatekelezwa kuanzia 8.0.16 tu. Matoleo ya nyuma yanalipokea bila kulalamika na kulipuuza.

Mapengo mengine huletwa na watu wenyewe. Faktura ikikosewa isifutwe: ipewe hali "imebatilishwa", ibaki na namba yake, na marekebisho yaandikwe kwenye hati nyingine. Kashia asiwe na uwezo wa kufuta kabisa. Mwondoleeni ruhusa hiyo kwa REVOKE DELETE ON faktura FROM, mkimalizia na jina lake la mtumiaji. Halafu angalieni fomu yenu inatoa namba wakati gani. Zipo programu zinazoichukua mara fomu inapofunguka, ili ionekane juu ya skrini. Mteja akisema "nitarudi kesho", namba imekwenda. Rasimu ikae bila namba, na proforma, ile faktura ya makisio, iwe na mfululizo wake.

Mtoto wa mwaka mpya

*Kituo chetu cha afya kinapokea wagonjwa usiku. Fishi iliyofunguliwa saa sita na dakika ishirini usiku wa kuamkia Januari 1 ilipata namba ya mwaka uliopita. Seva tumeikodi nje ya nchi. — Msomaji wa Katuba, Lubumbashi*

Seva nyingi za kukodi huwekwa saa ya UTC, saa ya marejeo ya dunia. Lubumbashi, kama Goma na Bukavu, iko saa mbili mbele ya UTC. Kwa hiyo kwa seva ilikuwa bado saa nne na dakika ishirini ya usiku wa Desemba 31. Hata seva ingekuwa Kinshasa mngekosea, maana huko saa iko moja nyuma yetu: ingekuwa saa tano na dakika ishirini. Itajeni saa waziwazi. Kwenye PostgreSQL:

```
(now() AT TIME ZONE 'Africa/Lubumbashi')::date
```

Kwenye MySQL tumieni CONVERT_TZ(UTC_TIMESTAMP(), '+00:00', '+02:00'). Mkiandika jina la eneo badala ya tarakimu, na majedwali ya saa hayajapakiwa kwenye seva, jibu litakuwa NULL. Kongo haibadilishi saa kwa msimu, kwa hiyo +02:00 haitawaangusha. Tarehe hiyo ihesabiwe mara moja, ihifadhiwe kwenye safuwima ya tarehe, na mwaka utolewe humo. Programu isiulize saa mara mbili, mara ya tarehe na mara ya namba, kwani usiku wa manane unaweza kupita katikati.

Msije mkakimbilia saa ya mashini iliyo mezani. Betri ndogo ya ndani, ile ya duara ya CR2032, ikichoka, kila umeme unapokatika kompyuta inaamka na tarehe ya zamani iliyowekwa kiwandani. Fishi ya leo itapewa namba ya mwaka ambao kituo hakijajengwa. Mwenye programu inayokaa kwenye mashini moja bila seva aweke ulinzi mdogo: tarehe ya sasa ikiwa nyuma ya tarehe ya fishi ya mwisho, programu isimame na kuomba saa irekebishwe. Betri yenyewe ni ya bei ndogo.

Mwaka wa shule

*Risiti za minervali (ada ya shule) na matrikuli za wanafunzi wetu zinaanza upya Septemba, si Januari. Nimeandika: mwezi ukiwa 9 au zaidi, mwaka ni huu na ujao. Inatosha? — Msomaji wa Kadutu, Bukavu*

Haitoshi, dada au ndugu. Kwanza, masomo hayaanzi Septemba kila mara: mwaka wa 2020-2021 ulianza Oktoba kwa sababu ya Covid. Pili, wazazi huandikisha watoto Julai na Agosti kwa mwaka ujao, na kanuni yako itawarudisha kwenye mwaka unaokwisha. Tengeneza jedwali la miaka ya shule lenye lebo kama 2025-2026, siku ya kuanza na siku ya kuisha. Fomu ipendekeze mwaka kwa kufuata tarehe, lakini karani aweze kuchagua mwingine. Ufunguo wa kihesabu uwe mfululizo na lebo, badala ya mwaka wa tarakimu nne.

Risiti na matrikuli pia si kitu kimoja. Risiti zianze upya kila mwaka. Matrikuli mtoto hupewa siku ya kuingia na kukaa nayo mpaka atoke: 2025-0137 maana yake ni wa 137 kuandikishwa mwaka ule, hata akiwa sasa darasa la sita. Ukizianzisha upya kwa wote kila Septemba, pointi za mwaka jana hutajua ni za nani.

Depo mbili, intaneti ya kubahatisha

*Tuko na depo Goma na nyingine Bukavu. Siku nyingine intaneti haipo kabisa, na data inavuka ziwa ndani ya ufunguo wa USB. Tunawezaje kuwa na mfululizo mmoja? — Msomaji wa Himbi, Goma*

Mfululizo mmoja usio na pengo unahitaji kihesabu kimoja, na kihesabu kimoja kinahitaji pande zote mbili zikifikie wakati wa kuandika. Bila mawasiliano haiwezekani, na anayekuuzia programu akisema anaweza, mwombe azime ruta mbele yako. Wekeni mifululizo miwili: GM-2025-0001 na BK-2025-0001, kila depo na kihesabu chake. Sharti la upekee liwe juu ya ofisi, mwaka na namba. Id ya ndani iwe UUID, kitambulisho kirefu kisichotarajiwa kujirudia, ili rekodi za pande mbili zikikutana zisigongane.

Wengine hugawana mafungu, Goma 1 hadi 5000 na Bukavu kuanzia 5001. Inafanya kazi, lakini mwisho wa mwaka kuna shimo katikati, na namba hazifuati tena tarehe. Kwa fishi za wagonjwa inavumilika; kwa faktura hatuishauri.

Hatari kubwa iko siku laptopu ya depo moja inapokufa. Mnarudisha nakala ya wiki iliyopita, na kihesabu nacho kinarudi wiki nyuma. Kisha programu inatoa tena namba ambazo wateja wanazo tayari, na hifadhidata haitakataa, kwa sababu faktura zile za wiki hii hazimo ndani yake. Kabla ya kuuza chochote, shikeni faktura ya mwisho iliyochapishwa, isomeni namba, na mpandishe kihesabu kifike hapo:

```
UPDATE kihesabu SET mwisho = 412
WHERE mfululizo = 'FAKTURA-BK' AND mwaka = 2025;
```

Faktura za katikati ziingizwe upya kutoka kwenye kopi za karatasi, kwa namba zake zilezile.

Access kwenye folda ya pamoja

*Ofisi yetu ina Microsoft Access na watumiaji watatu. Tuhame? — Msomaji wa Ibanda, Bukavu*

Kwa watu watatu si lazima. Weka fahirisi ya kipekee juu ya Mwaka na Namba kwa pamoja, kisha kwenye tukio la BeforeUpdate la fomu:

```
If Me.NewRecord Then
  Me!Mwaka = Year(Me!Tarehe)
  Me!Namba = Nz(DMax("Namba", "Faktura", _
    "Mwaka=" & Me!Mwaka), 0) + 1
End If
```

Bila Nz, faktura ya kwanza ya Januari itakosa namba, maana DMax haikuti kitu na inarudisha Null. Bila NewRecord, kila anayesahihisha faktura ya zamani anaipa namba mpya. Usitumie BeforeInsert: hilo huwaka herufi ya kwanza inapoandikwa, na karani akienda kunywa chai fomu ikiwa wazi, namba yake imeshapitwa. Wawili wakigongana hata hivyo, Access inatoa kosa 3022. Lishike kwenye tukio la Error la fomu na umwambie karani ahifadhi tena. Namba itahesabiwa upya. Kila mtu awe na nakala yake ya fomu, data peke yake ikae kwenye folda, na mashini ziunganishwe kwa kebo. Wi-Fi inayokatikakatika huharibu faili la Access.

Kwa nini 10 inatangulia 9?

*— Msomaji wa Ruashi, Lubumbashi*

Kwa sababu umehifadhi "2025/10" kama maandishi, na maandishi hupangwa herufi kwa herufi. Hifadhi mwaka na namba kama tarakimu mbili tofauti, panga kwa ORDER BY mwaka, namba, na sifuri za mbele ziongezwe wakati wa kuonyesha tu. Angalia LPAD, amri ya kujaza sifuri mbele: LPAD('12345', 4, '0') haikuongezei nafasi, inakata na kukupa 1234, namba ambayo mtu mwingine anayo tayari. Ni hivyo kwenye PostgreSQL na MySQL pia. Sprintf yenye %04d ndani ya programu haikati. Na kama faktura zinahifadhiwa kama PDF kwa namba yake, tumia kistari badala ya mkwaju, maana Windows haikubali mkwaju kwenye jina la faili, na Excel ikiona 2025/03 huenda ikaigeuza kuwa Machi.